Sanduku limeandikwa Habano: je, siga zangu ni za Kuba?

Swali kutoka Mikindani: "Shikamoo mzee. Nina kiduka ndani ya nyumba ya wageni. Wateja wangu ni watu wa meli, watu wa gesi na watalii wachache wanaokuja kupiga mbizi. Jamaa mmoja wa Dar aliniletea masanduku 16 ya siga akaniambia zote ni za Kuba. Mengi yameandikwa HABANO kwa herufi kubwa za dhahabu, nami nikaandika kwenye kibao cha bei: 'Siga za Kuba.' Wiki iliyopita mgeni mmoja wa Uhispania aligeuza sanduku, akaniambia hizi ni za Nikaragua na kwamba ninawadanganya watu. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Je, nimeuziwa feki? Na mimi nimekuwa mwongo? Picha hizi hapa."

Marahaba, binti yangu. Picha zako nimezikuza moja baada ya moja, nikasoma hata yale maandishi madogo yaliyojificha ubavuni. Nianze na lililokukosesha usingizi. Masanduku 14 kati ya 16 si feki. Ni siga za Nikaragua zilizosokotwa kwa mkono, na masanduku yenyewe yamekiri hivyo, isipokuwa moja ambalo nchi yake sikuiona pichani; hilo nitalitaja mwishoni. Uongo ulitoka mdomoni mwa huyo jamaa wa Dar, ukahamia kwenye kibao chako. Hukujua, kwa hiyo siwezi kukuita mwongo. Ila kuanzia leo unajua. Kishushe hicho kibao kwanza, halafu urudi tuendelee.

Masanduku mawili yaliyobaki, yale yenye kifuniko cha kioo, habari yake ni nyingine na nitaifikia.

Neno lililokupoteza ni Habano, nawe si wa kwanza kupotezwa nalo. Kwa Kihispania, habano ni kitu cha Havana, mji mkuu wa Kuba. Wakuba wanalihesabu kuwa mali yao: kwao Habanos ni jina la asili linalolindwa, na siga inayostahili kuitwa hivyo ni ile iliyolimwa na kusokotwa Kuba kwa masharti yao. Lakini nje ya Kuba wakulima na wasokotaji wanalitumia neno hilohilo kutaja ukoo wa mbegu. Mbegu za tumbaku za Kuba zilikwisha kutoka kisiwani, nyingine zikiwa na watu waliohama baada ya mapinduzi ya mwaka 1959, zikapandwa Nikaragua, Hondurasi, Jamhuri ya Dominika na Ekwado. Jani la mbegu hiyo likilimwa Ekwado, wafanyabiashara huliita "Habano Ecuador", au kwa mkato "Habano" tu. Rudi kwenye picha yako ya nne. Ubavuni mwa sanduku pameandikwa "Hecho a mano en Nicaragua", yaani limetengenezwa kwa mkono Nikaragua. Kile kikaratasi cha ndani kinasema jani la nje ni la Ekwado, mbegu ya Habano. Kwa hiyo mwenye kiwanda amesema kweli yote. Amechagua tu ipi aiandike kwa dhahabu na ipi aifiche ubavuni.

Wewe ni mtu wa kusini, nikueleze kwa korosho.

Mkorosho ulifika pwani yetu na Wareno, asili yake Brazili. Leo mti umesimama Tandahimba, korosho imeokotwa, imeanikwa, imepelekwa ghala la chama, imeuzwa mnadani, imepakiwa ikiwa na ganda lake, imekwenda kubanguliwa Vietnam au India. Mtu wa Ulaya anayeinunua ikiwa imekaangwa na kutiwa chumvi anaweza kusoma kwenye pakiti kwamba hiyo ni bidhaa ya Vietnam. Sasa niambie, korosho ile ni ya wapi? Ukiuliza mbegu, Brazili. Ukiuliza shamba, Tandahimba. Ukiuliza kiwanda, Vietnam. Majibu matatu, na yote ya kweli. Uongo unaingia pale mtu anapochukua jibu la swali moja akalipa mteja kama jibu la swali jingine. Hakuna mkulima wa Tandahimba atakayekubali korosho yake iitwe ya Brazili kwa sababu tu mbegu ilivuka bahari na Wareno. Na siga ya Nikaragua iliyovikwa jani la Ekwado haiwi ya Kuba kwa sababu babu wa mbegu yake alizaliwa Kuba.

Hapo ndipo moyo wa jambo hili, na ningetaka ukumbuke hayo maswali matatu hata ukisahau mengine yote: imesokotwa wapi, jani limelimwa wapi, mbegu ni ya ukoo gani.

Kwa siga lile swali la shamba ni zito zaidi, kwa sababu ndani ya siga moja kuna majani ya kazi tatu. Katikati kuna ujazo, ambao Wahispania huuita tripa, yaani matumbo, na mara nyingi huwa ni mchanganyiko wa majani mawili, matatu au manne kutoka nchi tofauti. Juu yake kuna jani la kufungia linaloushika ujazo usitawanyike. Mwisho kabisa linavikwa jani la nje, lile unaloliona kwa macho. Siga inaweza kuwa na ujazo wa Nikaragua na Dominika, kifungio cha Indonesia na vazi la Ekwado, ikasokotwa Hondurasi. Ukiona imeandikwa "imetengenezwa Hondurasi", hilo ni jibu la swali la kwanza peke yake. Kanuni za forodha kwa kawaida huangalia mahali ambapo majani yaligeuzwa kuwa siga, basi. Hazimlazimishi mwenye kiwanda kukuorodheshea mashamba. Wachache ambao majani yao yote yanatoka nchi moja hujitapa kwa neno "puro", na nikiri kwamba neno hilo nalipenda, kwa sababu linajibu swali moja waziwazi. Ujihadhari nalo kidogo tu: Mhispania wa kawaida, kama huyo mgeni wako, huita siga yoyote puro.

Usidhani mchanganyo huu wa majina ni wa juzi. Mwaka 1885 Vicente Martínez Ybor, mwenye kiwanda aliyekuwa amehama kutoka Kuba, alinunua ardhi karibu na Tampa, Florida, akajenga mji mzima wa wasokota siga unaoitwa Ybor City hadi leo. Majani yalivushwa kwa meli kutoka Kuba, yakasokotwa Marekani. Siga hizo ziliuzwa kwa sifa ya kuwa Havana tupu, na watu wakazikubali hivyo, kwa sababu walichokuwa wakikitafuta ni jani. Angalia ilivyo kinyume na sanduku lako. Kule jani lilikuwa la Kuba na mikono ilikuwa Marekani. Kwako neno pekee ndilo la Kuba. Jani na mikono viko kwingine.

Kisha siasa ikaingia. Septemba 1960 serikali ya Fidel Castro ilitaifisha viwanda vya siga. Wenye viwanda wengi waliondoka, na majina ya siga zao waliondoka nayo kichwani na kwenye makaratasi. Februari 1962 Rais Kennedy akafunga biashara kati ya Marekani na Kuba. Tangu hapo jina moja likawa na nyumba mbili. Kuna Partagás ya Kuba, na kuna Partagas iliyosokotwa Jamhuri ya Dominika kwa ajili ya soko la Marekani, baada ya Ramón Cifuentes, ambaye familia yake ilikuwa na kiwanda kule Havana, kuuza haki zake kwa kampuni ya General Cigar. Montecristo, Romeo y Julieta na H. Upmann nazo ziko hivyohivyo, pacha wawili wasiosalimiana. Cohiba ndiyo yenye kesi ndefu zaidi. Wakuba waliianzisha mwaka 1966, General Cigar wakaisajili Marekani mwaka 1981, na kuanzia mwaka 1997 pande hizo mbili zimekuwa zikivutana mbele ya mamlaka za Marekani. Desemba 2022 baraza la rufaa za alama za biashara la huko liliamua kwamba usajili wa General Cigar ufutwe.

Nani mkweli hapo? Nimebishana na watu wengi juu ya hilo, na jibu langu halijabadilika. Familia iliyonyang'anywa kiwanda ina haki ya kulia juu ya jina lake. Mkulima wa Pinar del Río, mkoa wa tumbaku kule Kuba, anayelima jani mpaka leo ana haki ya kusema jina hilo lilipata sifa kwa udongo wake. Mimi siwaamulii. Ninachodai ni kwamba nchi iandikwe kwa herufi ambazo mtu wa miaka 60 anaweza kuzisoma bila miwani.

Mimi mwenyewe si msafi katika jambo hili, na nataka ulijue kabla hujaamua kunisikiliza. Kazi niliianzia Namtumbo, nikiwa mteuzi wa tumbaku ya moshi. Pale kila robota lilikuja na karatasi yake: chama cha msingi, namba ya mkulima, daraja. Mkulima akificha majani mabovu katikati ya robota, tulifungua, tukayaona, na jina lake lilikuwa pale juu. Nikadhani dunia nzima ya tumbaku inafanya kazi hivyo. Baadaye nikapata kazi Antwerp, Ubelgiji, kwenye bohari la mwagizaji wa siga, nikakaa miaka 11. Miongoni mwa kazi zangu ilikuwa kuandika kadi ndogo zinazokaa mbele ya kila sanduku dukani, za kueleza majani yaliyomo.

Tulikuwa na siga moja iliyouzwa kwa sifa ya vazi lake la Kameruni. Hilo ni jani zuri mno, la rangi ya udongo mwekundu, lenye vipele vidogo unavyovihisi kwa kidole. Hulimwa Kameruni na kwa majirani zao wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, kutokana na mbegu ya asili ya Sumatra, kisiwa cha Indonesia. Kwa mimi Mwafrika peke yangu katika bohari lile, kadi hiyo ilikuwa fahari. Jani letu la Afrika lilikuwa linatajwa kwa jina, wakati tumbaku yote ya Urambo na Tabora inamezwa ndani ya pakiti za sigara za dunia bila mtu kujua imetoka wapi. Mwaka mmoja siga zikaja na vazi tofauti. Nililijua kwa kuligusa tu. Nikauliza, nikaambiwa jani la Kameruni limekuwa adimu, hili ni la Ekwado, ila mbegu ni ileile, kwa hiyo kadi ibaki kama ilivyo. Nikaiacha ibaki. Miezi michache baadaye mteja mmoja mzee akaandika barua kuuliza kama kuna kilichobadilika, kwa sababu alihisi utamu umepungua. Niliamriwa nimjibu kwamba hakuna. Nikamjibu hivyo, kwa mkono wangu, kwa jina langu. Alikuwa amehisi sawasawa, nami nikamfanya aushuku ulimi wake. Hilo sijajisamehe.

Naam, ile hoja ya "mbegu ni ileile" ndiyo ninayotaka uitambue popote utakapokutana nayo. Jani la Ekwado ni jani zuri kwa haki yake. Mawingu ya miteremko ya Andes hulikinga na jua kwa sehemu kubwa ya msimu, likawa jembamba na laini bila mkulima kujenga kivuli. Kule bonde la mto Connecticut, Marekani, kivuli hicho walianza kukijenga kwa vitambaa mwaka 1900, karibu na mji wa Windsor, wakijaribu mbegu ya Sumatra, ili washindane na majani yaliyokuwa yakiagizwa kutoka kisiwa hicho. Leo siga nyingi zinazoitwa "Connecticut" zimevikwa jani lililolimwa Ekwado kwa mbegu ya Connecticut. Aliyeandika "Ecuador Connecticut" amesema kweli. Aliyeandika "Connecticut" peke yake kwenye pete ya siga, kile kikaratasi kinachoizunguka, amekuachia wewe ukosee, na kukosea kwako kunampa faida, maana jani la nje ndilo ghali kuliko mengine yote kwa uzito. Gharama ya kujenga vivuli vile, kuchuma jani moja moja na kutupa kila lenye tundu iko ndani ya jina hilo. Anayelichukua jina bila gharama amemchukulia mkulima wa bonde lile kitu chake, kama mtu wa kangomba, mnunuzi wa korosho wa magendo, anayezunguka vijijini na bakuli lake: kipimo kinaonekana kipo, kumbe kimepunjwa.

Sasa masanduku yako mawili ya kioo. Hayo yameandikwa Cohiba, Habana, Cuba, kwa rangi ya njano na vidoto vyeupe. Haya ndiyo feki, na ni feki ya waziwazi. Kifuniko cha kioo kwenye sanduku la Cohiba ni alama mashuhuri ya siga zinazouzwa kwa watalii fukweni. Geuza sanduku halisi la Kuba na chini yake utakuta maneno yaliyopigwa kwa chuma cha moto, yamezama kwenye mbao: Habanos s.a., Hecho en Cuba, Totalmente a mano. Pembeni mwake kuna wino wa muhuri wenye herufi za siri za kiwanda, pamoja na mwezi na mwaka wa kufungwa sanduku. Chini ya masanduku yako kuna karatasi iliyobandikwa kwa gundi. Sanduku halisi lina muhuri wa kijani wa serikali upande wa kushoto. Wazo la muhuri huo lilianza kwa amri ya kifalme ya mwaka 1889, Kuba ikiwa bado chini ya Uhispania, kwa sababu hata wakati ule siga bandia za Havana zilikuwa zimezagaa. Mihuri ya siku hizi ina alama ya kung'aa inayobadilika ukiinamisha, na namba ya pekee ambayo unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya Habanos, kampuni inayouza siga zote za Kuba nje ya nchi tangu mwaka 1994. Muhuri wa masanduku yako mawili una namba moja inayofanana. Sihitaji kusema zaidi. Na bei pia inasema: mwaka 2022 Cohiba zilipandishwa bei duniani kote kwa kiwango cha kutisha, na fedha uliyotoa kwa sanduku zima la siga 25 isingekununulia hata chache.

Kuna maneno mengine kwenye masanduku yako ambayo wateja watakuuliza. "Hecho a mano", limetengenezwa kwa mkono, ni neno lenye nafasi pana. Ujazo unaweza kuwa umefungwa na mashine, mkono ukavika jani la nje tu. "Totalmente a mano" ndilo linalodai kwamba kazi yote ni ya mkono, na Wakuba walianza kulipiga kwenye masanduku yao mwaka 1989 kwa sababu hiyo hasa. Zile siga ndogo za bei nafuu za kwenye pakiti ya bati, ulizoniuliza mwishoni, usiziseme kuwa ni jani zima bila kuhakikisha. Nyingi za aina hiyo hufungiwa karatasi iliyotengenezwa kwa vumbi na mabaki ya tumbaku yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi ya mimea, yakatandazwa kama karatasi. Ni tumbaku, ndiyo, kama vile ubao wa maranda ni mti. Maneno kama "imehifadhiwa miaka mitano" sina la kukusaidia. Kwenye siga hizi hakuna mkaguzi huru anayeyapima, kwa hiyo usiyarudie kwa mdomo wako.

Lipo moja ambalo hukuniuliza, na siwezi kuandika kuhusu ukweli wa lebo za siga nikaliruka. Ni neno "natural", asilia, lililoko kwenye masanduku yako matatu. Katika lugha ya wauza siga mara nyingi ni jina la rangi ya jani, la kahawia nyepesi. Mnunuzi hulisoma kama ahadi kwamba moshi wake hauna madhara. Sumu iko kwenye moshi wa jani lenyewe, liwe la Pinar del Río au la Namtumbo, na asiyeuvuta moshi hadi mapafuni bado anauweka mdomoni na kooni. Mwaka 2000 kampuni saba kubwa za siga za Marekani zilikubaliana na tume ya biashara ya nchi hiyo kuweka maonyo kwenye masanduku, na mojawapo ya maonyo hayo linasema wazi kwamba siga si mbadala salama wa sigara. Mteja akikuambia siga ni afadhali kwa kuwa ni jani tupu, usimwitikie ili tu anunue. Na mtu aliye chini ya miaka 18 usimuuzie. Hilo ni sheria hapa kwetu.

Tukija kwenye sheria, usiogope, lakini usilale. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na asili ya bidhaa imo. Bidhaa bandia zinashughulikiwa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na mwenye kuisimamia ni Tume ya Ushindani, FCC. Kwa yale masanduku 14, lililokuwa na kosa ni kibao, na kibao umekwisha kukishusha. Kwa yale mawili ya kioo, kosa ni kuyaweka dukani kwa kuuza. Yatoe leo. Mpigie huyo jamaa, mwambie umeyatambua, udai fedha yako, na mawasiliano hayo yawe ya maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Akikataa kurudisha, peleka masanduku na ujumbe huo FCC. Usimrudishie masanduku kabla ya fedha, maana atampelekea dada mwingine wa Kilwa Masoko, na sanduku litaendelea na safari yake.

Kibao kipya ukiandike hivi, kwa Kiswahili na kwa lugha yoyote wanayoisoma wageni wako: "Siga zilizosokotwa kwa mkono Nikaragua. Jani la nje: Ekwado, mbegu ya Habano." Hakuna neno la kuongeza hapo. Utaogopa kwamba watapungua wanunuzi. Wale waliokuwa wanatafuta neno Kuba watapungua kweli, sitakuficha. Lakini wavuta siga wanaojua, kama huyo Mhispania, wanaiheshimu sana tumbaku ya Nikaragua. Majani ya Estelí na Jalapa yana jina lao wenyewe na hayahitaji kuazima la mtu. Mgeni huyo hakukasirishwa na siga yako. Alikasirishwa na kibao.

Kuhusu wale uliokwisha kuwauzia: walioondoka na meli huwezi kuwafikia. Lakini umesema wapo mafundi wawili wa gesi wanaorudi kwako kila mwezi. Hao waambie, ana kwa ana, kabla hawajauliza. Kama uliwatoza bei ya juu kwa sababu ya jina la Kuba, warudishie tofauti au wape siga kwa thamani hiyo, wachague wenyewe. Mimi nilikuwa na mzee mmoja wa kumwambia hivyo, na nilichelewa.

Jambo dogo la mwisho, kwa sababu limo kwenye picha ya saba. Vitundu vilivyoko kwenye siga mbili za sanduku la kijani si dalili ya feki. Ni mdudu wa tumbaku. Mayai yake huweza kuwemo ndani ya jani tangu bohari la mbali, na joto letu la pwani huyaangua. Siga hupenda mahali pasipozidi nyuzi 20 hivi, nasi Mikindani tunalala kwenye 27. Zitenge hizo mbili uzitupe. Zilizobaki kwenye sanduku hilo zifunge vizuri kwenye mifuko miwili ya plastiki, uziweke kwenye friza siku tatu au nne, kisha kwenye friji siku moja, ndipo uzitoe, ili jani lisipasuke kwa kubadilishiwa joto ghafla. Halafu nitumie picha ya upande wa chini wa sanduku namba 11. Kwenye ile uliyoituma kidole chako kimeifunika nchi.